Kona ya Mbele Kushoto

Jumapili ni siku ya soko Lushoto, na siku ya soko mtu hatembei, anasukumwa. Ndivyo Edgar alivyojikuta mbele ya mafungu ya kabichi, mfuko wa mapeasi mkononi, viatu vyake vyeupe vya kutoka Tanga vimeshabadilika rangi, uso kwa uso na msichana aliyelala kwenye machela katikati ya njia.

Msichana mwenyewe hakuwa mgonjwa. Alikuwa na sweta jekundu, sketi ya kitenge na skafu ya kijani shingoni, na alikuwa akitoa amri akiwa chali.

"Kaka mrefu! Ndiyo, wewe mwenye viatu vya harusi. Shika hapo mbele kushoto, mwenzetu kaenda kupokea simu. Tunawaonyesha watu jinsi mgonjwa anavyobebwa."

"Mimi?"

"Kwani unaona mrefu mwingine?"

Watu wakacheka. Edgar aliweka mapeasi chini, akashika. Wenzake watatu waliinua kwa pamoja. Yeye aliinua baadaye kidogo, na hicho kidogo kilitosha. Machela ilipinda, msichana akateleza moja kwa moja hadi kwenye fungu la kabichi.

"Dada, pole! Pole sana! Umeumia?"

Alijitoa kwenye kabichi taratibu, jani limenasa kwenye nywele alizosuka, akamtazama kijana kuanzia viatu hadi macho. Pale machoni alikawia kuliko ilivyohitajika.

"Unaitwa nani?"

"Edgar. Mwaka wa kwanza hapo chuoni."

"Mimi Jenoveva, mwaka wa pili. Sasa Edgar, ningekuwa mama mjamzito, saa hizi tungekuwa tunalia. Jumatano jioni njoo uwanjani ujifunze."

"Na nisipokuja?"

"Nitakufuata. Viatu hivyo vinaonekana toka mbali."

Kijana wa watu akaishia hapo hapo, ingawa mwenyewe alidhani anajiunga na chama tu.

Chama chenyewe kiliitwa Bega kwa Bega. Kazi yake ilikuwa kuwabeba wagonjwa kutoka vijiji vya mlimani, kule ambako gari likinyeshewa halipandi, na kuwashusha hadi barabarani. Machela ina kona nne na kila kona ina mtu wake. Mbele yao hutangulia mwita njia, anayetaja kila jiwe na kila tope kabla mguu wa mbebaji haujafika. Katika kuteremka, uzito wote hukimbilia mbele, kwa hiyo kona za mbele hupewa watu wanaoaminika. Na ile skafu ya kijani hainunuliwi wala mwenyekiti hagawi. Mwanachama hufungwa skafu hiyo na ndugu wa mgonjwa, baada ya safari yake ya kwanza ya kweli. Waliokuwa nayo waliivaa hadi darasani, jua likiwaka, na mimi siwalaumu.

Edgar aliitaka skafu ile kuliko alivyotaka kukiri. Walimpa jina la Kabichi, akalivumilia. Walimweka nyuma, abebe magunia ya viazi badala ya wagonjwa, akabeba. Alijifunza kuinua kwa pumzi moja na wenzake, akajifunza kuwaamkia wazee asubuhi kwa Kishambaa, "onga maundo," bila kuchekwa sana. Hatimaye Jenoveva, ambaye ndiye aliyekuwa mwita njia, alimleta mbele kushoto, sambamba na Samsoni, kijana wa mabega mapana na maneno machache.

Na jioni Jenoveva alimpigia simu.

"Kabichi, umekula?"

"Nimekula. Bega ndilo linaniuma."

"Bega lipi?"

"La kushoto."

"Hilo ni langu, litunze."

"Limekuwa lako tangu lini?"

"Tangu uniangushe, bwana. Mali ya fidia."

Edgar alicheka peke yake chumbani.

Mambo yaliharibika siku walipofanya mazoezi kwenye mteremko. Jenoveva alitangulia, akigeuka mara kwa mara kukagua gunia lililokuwa badala ya mgonjwa, kama inavyotakiwa. Aligeuka, akakawia. Jiwe likapita bila kutajwa. Samsoni akajikwaa, akaanguka kwa goti, viazi vikatawanyika mteremko mzima.

Jenoveva alimkimbilia Samsoni, akamshika goti, kisha akainuka uso ukiwaka.

"Edgar, toka mbele. Rudi nyuma."

"Mimi nimefanya nini?"

"Nimesema rudi nyuma!"

Neno la mwita njia halibishiwi. Edgar aliwatazama wenzake, nao wakainama kuokota viazi. Akavua mkanda wa begani, akaulaza juu ya machela, akashuka zake. Iliumiza. Kumbe siku zote hizo alikuwa bado ni mgeni wa kuchekewa, na goti la kushikwa lilikuwa la Samsoni.

Jenoveva alipiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena. Mara ya tatu aliitazama simu, akairudisha mfukoni, maana msichana yule alikuwa na kiburi cha kuwatosha watu wawili. Alijua vizuri alichokosea. Kukisema ndiko kulikomshinda.

Jumamosi asubuhi mvua ilimkuta Edgar stendi, ameshakaa ndani ya basi la Tanga, begi mapajani. Alikuwa anaenda kwao kupumzika, na chama alikuwa amekiacha. Simu ikaita. Ilikaribia kukatika, akapokea.

"Uko wapi?"

"Kwenye basi. Kuna nini?"

"Kuna mama ana uchungu huko juu, anaitwa Wema. Barabara imekatika. Gari la wagonjwa limeishia chini, linatusubiri."

"Si una Samsoni?"

"Samsoni ana kona yake. Yako iko wazi."

"Jeni, wewe ndiye uliyenitoa."

Mvua ilisikika pande zote mbili.

"Nilikutoa. Njoo, nitakuambia kwa nini, na nitakuambia mbele ya watu. Tafadhali, Edgar."

Kondakta alikuwa akifunga mlango. Edgar alimwomba radhi, akashuka na begi lake, akadandia bodaboda hadi barabara ilipokatika, akapanda mlima kwa miguu.

Alimkuta Wema ameshalazwa kwenye machela mlangoni kwake, amemshika mama mkwe wake mkono. Edgar alisema, "Shikamoo bibi," akasimama mbele kushoto, maji yakimchuruzika. Jenoveva alikuwa amelowa kuliko wote.

"Kabla hatujainua," alisema, "lile jiwe nilikosea mimi. Edgar hakufanya kosa lolote. Nilipogeuka sikuwa nakagua gunia. Nilikuwa namtazama yeye. Nikaona aibu, nikamwadhibu kwa kosa langu. Samsoni, nisamehe goti. Edgar, nisamehe."

Samsoni alivuta mkanda begani.

"Mbona sisi tulijua," alisema. "Tuinue."

Hata Wema, katikati ya uchungu, alitoa kicheko kifupi. Kisha wakainua, wote kwa pumzi moja.

"Tope kulia! Jiwe kushoto, kubwa! Simama. Shuka taratibu. Mzizi!"

Uzito ulikuja wote mbele, bega likalia. Edgar hakutazama chini hata kidogo. Sauti iliposema jiwe, palikuwa na jiwe. Iliposema shuka, palikuwa pa kushuka. Jenoveva aligeuka mara nyingi, na kila mara macho yake yalikwenda kwa Wema, yakarudi njiani. Nyuma bibi alifuata akiomba kwa Kishambaa. Gari walilikuta linanguruma, mlango wazi.

Wema alijifungua salama hospitalini mjini, mtoto wa kike mwenye sauti kubwa. Vijana walikuwa wamekaa kwenye benchi la nje, wamejaa tope, wakijikausha, bibi alipotoka na skafu ya kijani aliyopewa na Jenoveva. Akamwinamisha yule mrefu, akamfunga shingoni kwa mikono yake.

"Hongea, mwanangu. Hongea sana."

Hilo Edgar alilielewa: bibi alikuwa akimshukuru. Bibi akamuuliza Jenoveva jambo kwa Kishambaa, na Jenoveva akajibu kwa Kiswahili, kwa sauti, kila mtu asikie.

"Ni mtu wangu, bibi. Tena ni wa kona ya mbele."

Benchi zima likashangilia mpaka muuguzi akachungulia dirishani. Edgar alishika skafu yake kama anaogopa itavuliwa.

"Kwenu kijijini Mgwashi gari linafika?" alimuuliza Jenoveva.

"Mvua ikinyesha halifiki. Kwani unaenda kufanya nini?"

"Kumwamkia baba yako. Na kupeleka posa."

Jenoveva alifuta tope viganjani, kidole kwa kidole.

"Na mshenga?" aliuliza mwishowe.

"Mimi hapa," Samsoni alisema. "Ila simbebi mtu."

Walipoacha kucheka, Edgar aliinama karibu na Jenoveva.

"Njia nzima hukunitazama hata mara moja."

"Nilikuwa kazini."

"Na sasa?"

"Sasa mgonjwa ameshafika."

Akamtazama, kuanzia viatu, ambavyo havingekuwa vyeupe tena, hadi kwenye skafu, hadi machoni. Na pale machoni akabaki.