Kipimo cha Ngozini na Sahani Tatu

Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025, saa sita kasoro robo mchana. Jua lilikuwa kali juu ya mtaa wa Kasungami, na mvua ya kwanza ilikuwa haijanyesha. Agnès aliweka bukari, yaani ugali, mezani mbele ya mume wake Alphonse, pamoja na mboga za lengalenga na samaki wa kutoka Kasenga.

Alphonse alikuwa mkuu wa shule kwa miaka ishirini na sita. Majirani humwita Directeur hadi leo. Hakunawa mikono. Alitazama simu yake kwanza.

Kwenye mkono wake wa kushoto, karibu na bega, palikuwa na kitu cheupe cha duara, kidogo kama kifuniko cha chupa. Kilikuwa kipimo cha sukari ya damu, kwa sababu Alphonse alikuwa na kisukari. Kilibandikwa juu ya ngozi, na uzi wake mwembamba uliingia chini ya ngozi. Kilipima mchana na usiku, kikapeleka namba kwenye simu. Binti yao Cathy, aliyefanya kazi Kolwezi, ndiye aliyekinunua. Naye aliiona namba ileile kwenye simu yake.

"Makumi munane na moja," alisema Alphonse. "Jana ilikuwa makumi kenda na munane. Minapanda, Mama Cathy."

"Namba inashuka, weye unasema unapanda?"

"Mu classement ya darasa, wa kwanza njo iko na namba ya kidogo. Cathy anaona bulletin yangu, ripoti yangu ya masomo, kila siku. Sitaki aone baba yake ku mwisho."

"Na hii bukari?"

"Rudisha."

Ilikuwa sahani ya tatu kurudi jikoni tangu Jumapili. Agnès aliiondoa. Alikuwa amempikia mtu huyu miaka thelathini na tisa. Hata siku walizokosana, sahani haikurudi imejaa.

Alphonse alimeza kidonge chake cha kushusha sukari, kama kawaida. Kisha alichukua jembe, akaenda shambani nyuma ya nyumba. Baada ya muda simu ililia mfukoni kuonya kwamba sukari inashuka. Aliona sitini na moja. Alitabasamu, akainyamazisha.

Nusu saa baadaye, simu ya Agnès iliita. Alikuwa Cathy.

"Mama, papa iko fasi gani? Namba yake iko makumi tano na mbili. Hakamati simu. Kimbia, mama."

Agnès alikimbia huku akimwita jirani yao Huguette, muuguzi. Walimkuta Alphonse ameketi katikati ya matuta. Shati lilikuwa limelowa jasho.

"Nani alipiga kengele?" aliuliza, kana kwamba bado yuko shuleni. "Wanafunzi bado mu darasa."

"Directeur, meza mate nione," alisema Huguette. Alimeza. "Muzuri. Mama Agnès, lete maji nusu kopo na vijiko vine vidogo vya sukari."

"Sukari? Na iko na ugonjwa ya sukari?"

"Leo sukari imepunguka sana mu damu. Njo dawa yake sasa. Kama hangeweza kumeza, singeweka kitu mu kinywa. Tungemukimbiza ku hospitali."

Alphonse alikunywa polepole. Agnès alimfuta uso kwa pembe ya kikwembe chake, kitambaa alichojifunga, kisha akamshikilia begani huku akimweleza Huguette habari ya sahani tatu na classement. Robo saa ilipita. Huguette alichoma kidole cha Alphonse, akapima damu kwa mashine aliyokuja nayo: sabini na nane. Simu bado ilisema sitini na sita.

"Ile ya ku ngozi inachelewa dakika kidogo nyuma ya damu," alieleza. "Kama namba na mwili havisemi kitu kimoja, pima kidole. Sasa ule. Na unisikilize. Namba hii haiko place ya mwanafunzi mu classe. Chini ya makumi saba, hatari. Juu ya mia moja makumi munane, hatari ingine. Katikati njo fasi yako, docteur atakuambia muzuri zaidi. Na kidonge hii haimezwi bila chakula."

Alphonse aliinamisha kichwa.

"Directeur, mwanafunzi akidanganya mu examen, ulimufanya nini?" aliuliza Huguette.

"Nilimufukuza siku tatu."

"Na weye umefunga siku tatu juu ya kupata point, alama ya muzuri."

"Basi nimedanganya," alisema Alphonse.

Jioni alimpigia Cathy simu, akamweleza yote bila kuficha.

"Papa," alisema Cathy, "sikununua ile kitu juu ya point. Nilinunua juu nikiamuka, nijue bado uko muzima."



Wiki ile daktari alipunguza dawa yake. Sasa Alphonse anakula kwa saa zake: bukari kidogo, mboga nyingi. Akienda shambani, hubeba sukari mfukoni. Simu ikilia, anaketi na kutazama. Namba zake nyingi hubaki katikati.

Jumapili iliyofuata aliingia jikoni, mahali ambapo hakuwahi kupika. Alikoroga bukari mwenyewe, ikatoka na madonge. Aliiweka mbele ya Agnès. Jumatatu alipika tena. Jumanne pia.

Agnès alimaliza sahani ya mwisho, akanawa mikono.

"Ya tatu," alisema Alphonse. "Deni yako nimelipa yote, Mama Cathy."

"Umelipa," alisema Agnès. "Kesho ninapika miye."