Jembe Lililofichwa Darini

Kijiji kizima cha Mollo kilizijua ntumba za Mama Coleta. Huku Ufipani, mvua zikielekea kuisha, watu hufukia majani yaoze, wakapata vilima vya mbolea viitwavyo ntumba. Za Mama Coleta zilikuwa mviringo, utadhani zimefinyangwa. Wanaume wenye misuli yao walizionea wivu.

Siku moja aliteleza uani, akaangukia mkono, ukavunjika. Hata ndoo hakuwa ameibeba. Hospitali walimfunga plasta, mkono ukaunga. Lakini mwanawe Zenon aliogopa. Alichukua jembe la mama yake akalificha darini.

"Umezaa tisa, Mama. Sasa pumzika."

Mama Coleta akakaa ndani kama mwali. Miguu ikaanza kulegea. Kukaa bure kulimuuma kuliko mkono.

Muuguzi Redempta wa zahanati alikuja kumjulia hali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Hedhi yako ilikoma ukiwa na umri gani?"

Mama Coleta alimtazama Zenon. Mambo hayo hayasemwi mbele ya mtoto wa kiume. Zenon naye akakumbuka ghafla kwamba mbuzi hawajafungwa. Alitoka, akaishia dirishani.

"Sikuwa nimefika arobaini," Mama Coleta alisema. "Nilipomwachisha ziwa Timoth, kitinda mimba wangu, haikurudi tena. Nikamshukuru Mungu."

"Hedhi ikikoma, mwili hupungukiwa na kinga ya mifupa. Kwako ilikoma mapema, kwa hiyo mifupa imekosa kinga miaka mingi. Ndiyo maana umevunjika kwa kuteleza tu. Daktari lazima ajue."

"Basi sisi watoto ndio tuliokumaliza, Mama!" Zenon alilia dirishani.

Redempta akacheka. "Kumbe mbuzi wako hapa? Hapana, kaka. Mama mjamzito au anayenyonyesha humgawia mtoto madini ya mifupa yake. Akiachisha, akala vizuri na kupumzika kabla ya mimba nyingine, kwa kawaida mifupa hujijenga tena. Mnakula nini hapa?"

"Ugali wa mahindi," alijibu Mama Coleta. "Siku hizi ulezi wote tunawauzia wenye malori. Dagaa nawaachia wajukuu."

"Ulezi, maziwa, dagaa na mifupa yake, hivyo ndivyo vyakula vya mifupa! Na wewe ule. Tena usikae ndani. Mfupa usiofanya kazi hudhoofika. Tembea, lima kidogo kidogo. Mizigo mizito mwachie Zenon."

Mama Coleta alimwona daktari, akapewa dawa. Mkwewe Salome aliweka akiba gunia la ulezi. Jirani yao Kashinje, Msukuma mwenye ng'ombe, akaleta maziwa kwenye kibuyu. Miguu ya mama ikapata nguvu.

Msimu wa ntumba ulipofika, Zenon alipanda darini, akashusha jembe. Alikuwa amelitia mpini mpya.

"Mwepesi huu," mama alisema. "Umenionea huruma?"

"Nilikuogopea, Mama. Nikakosea."

Walilima pamoja. Jioni mstari wa ntumba za mama ulikuwa mfupi kuliko wa Zenon. Lakini waliopita njiani walisimama kutazama wa mama.