Mistari Sita Isiyosomwa

Jumanne, tarehe 6 Oktoba 1953, saa kumi jioni, kipaza sauti kilichofungwa juu ya kamionete kilikohoa kabla Alexis Mumba hajafungua mdomo.

Clément, dereva, alitoa kichwa dirishani.

"Monsieur Alexis, tangu siku gani mashini inagonjwa kifua?"

"Si mimi. Mikro iko bado yenye kufungwa."

"Basi tuipeleke dispensaire, baipige sindano."

Alexis hakucheka. Alikuwa amesikia harufu ya udongo uliolowa, na mvua haikuwa imenyesha Élisabethville tangu Aprili.

Kazi yao wiki ile ilikuwa kutangaza kitabu. Mpelelezi mmoja Mbelgiji, aliyestaafu baada ya miaka ishirini na miwili polisi, alikuwa ameandika kumbukumbu zake kwa Kifaransa. Watu wa cité, mitaa ya Waafrika, walimwita Bwana Kimya, kwa sababu hakuwahi kupaza sauti, hata kwa mtu aliyekuwa akimfunga pingu. Jumapili angekuja ukumbini kutia sahihi nakala. Hadi siku hiyo, kila jioni, Alexis, karani aliyesomea kwa mapadri, alitakiwa kuzunguka mitaa hiyo akitafsiri kurasa zilizochaguliwa na mwenye duka la vitabu. Mmojawapo ulikuwa ukurasa wa 112.

Aliusoma, ila akaruka mistari sita. Mistari hiyo ilisema kwamba mnamo Aprili 1944 kijana wa reli aitwaye Chileshe alifia selo siku ya tatu ya kuhojiwa, bila kumtaja mtu. Mwandishi aliongeza kwamba aliamuru azikwe kwa siri, ili wenzake wasipate maiti ya kulilia.

Chileshe alikuwa kaka yake Alexis, tumbo moja.

Mama yao, Ngosa, hakuwahi kufanya kilio, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba mwanawe amekufa. Miaka tisa, kila jioni, alipakua bukari, ugali wao wa mahindi, na kipande cha samaki wa Kasenga kwenye sahani, akaifunika kwa sahani nyingine, akaiweka karibu na mlango. Asubuhi aliwapa kuku. Alexis alikipokea kitabu siku ya Ijumaa, na tangu hapo kila alipotaka kusema alimkuta anafunika sahani, akashindwa.

Jumanne ile, aliporudi kutoka kazini, alimkuta mama yake amesimama mlangoni, anacheka peke yake.

"Alexis, angalia! Chileshe, yaya yako, alipita."

Sahani ilikuwa wazi. Bukari ilikuwa imemegwa, na mahali vidole vilipoingia palikuwa na udongo mwekundu, mbichi.

"Mama, pengine ni imbwa."

"Imbwa iko na vidole? Alianza na samaki, bukari nyuma. Nilimukataza mara ngapi ile tabia!"

Jumatano alimwekea mwanawe sahani mbili, zote zikaliwa. Alhamisi alimpa na chakula chake mwenyewe. Hakutaka kutoka nyumbani, asije mwanawe akapita bila yeye kumwona. Ijumaa mama alianza kukohoa, na Alexis alikitambua kikohozi kile. Alikuwa amekisikia kwanza juu ya kamionete.

Jirani yao Mukuka, mganga, alikuja siku hiyo. Alinusa chumba, akakataa kiti, akamvuta Alexis hadi nyuma ya jiko.

"Humu mwenu muko chiwa," alinong'ona.

Chiwa ni mfu ambaye hakuliliwa na ambaye jina lake halikurithiwa na mtu. Hana pa kwenda, basi humrudia anayemlisha.

"Umufukuze, Mama Mukuka."

"Na dawa gani? Mimi nafukuza wenye balililiwa. Huyu, muntu aseme mbele ya mama yake: alikufa. Nyuma tulie, jina lipate mwenyewe. Kama hapana, chakula kitaisha, na yeye mama ndiye atafuata. Nani anajua kama alikufa?"

Alexis aligeuka arudi ndani.

"Weye unajua," Mukuka alisema.

Jumamosi, karibu na soko, Alexis alifika tena ukurasa wa 112, akairuka tena mistari sita, na alipovuta pumzi aanze aya iliyofuata harufu ya udongo ikamjaa puani, kipaza sauti kikakohoa mara mbili, watu waliokuwa wakibishana bei za mboga wakanyamaza mmoja baada ya mwingine, kisha sauti ikatoka juu ya kichwa chake, polepole, sauti aliyoijua tangu wakilala mkeka mmoja, ikasema ili soko zima lisikie:

"Soma, mudogo yangu."

Clément alichomoa waya. Sauti ikarudia: "Soma."

Ngosa aliisikia kutoka nyumbani.

Jumapili alikuja ukumbini ameegemea bega la Mukuka, amevaa kitenge chake cha kanisani. Alikaa mstari wa tatu. Mapajani alikuwa na sahani mbili, moja imefunika nyingine, zimefungwa kwa kitambaa. Alikuwa amemletea mwanawe chakula.

Bwana Kimya alikuwa mezani, kalamu mkononi, nakala zimepangwa mbele yake. Kipaza sauti cha kamionete kilikuwa kimeingizwa ukumbini; Alexis alisimama mbele ya mikro, akafungua ukurasa wa 112, akasoma mistari yote sita kwa Kiswahili. Alipofika kwenye jina aliongeza maneno ambayo hayakuwa kitabuni: "mutoto wa Ngosa."

Ngosa aliinuka. Alitembea peke yake hadi mezani.

"Bwana, ulimuzika wapi?"

Mpelelezi alijua Kiswahili vizuri. Alijibu kwa sauti ya chini, kama kawaida yake.

"Sikumbuki, mama. Walikuwa wengi."

Ngosa aliweka sahani juu ya vitabu. Kipaza sauti kilitoa pumzi moja ndefu, kikanyamaza, na harufu ya udongo ikatoka ukumbini. Ndipo alipopiga yowe. Wanawake wakalipokea, mstari kwa mstari, mpaka nje.

Jumatatu asubuhi Alexis alifukuzwa kazi. Mchana, mbele ya walioketi kilioni, Mukuka alimnywesha maji kwenye kibuyu, na toka saa hiyo akaitwa Chileshe. Jioni Ngosa aliosha sahani mbili akaziinamisha. Hakukohoa. Alipika bukari ya watu wawili.

Jumanne, tarehe 13 Oktoba, saa kumi jioni, Clément alikuja kusema kwamba kipaza sauti kinakohoa tena, na kwamba sasa si mtu mmoja. Mlangoni alikuta wanawake kumi na mmoja wamekaa chini, kila mmoja ameshika nakala ya kitabu asichoweza kukisoma. Ngosa alikuwa akiwatandikia mkeka.