Doa Chini ya Gari la Henning

Jumamosi kijijini kwetu ni siku ya ufagio. Kila mtu hufagia mbele ya nyumba yake mpaka katikati ya barabara. Jirani yangu Henning Behrens hufagia mara mbili: mara ya kwanza kwa ajili ya uchafu, mara ya pili kwa ajili ya macho ya watu. Nasema hivi kwa mapenzi, maana macho hayo ni pamoja na yangu.

Lakini kiangazi kile Henning alikuwa na siri. Kila Jumamosi, kabla ya kushika ufagio, aliinama, akavuta kadibodi kutoka chini ya gari lake, akaipeleka haraka nyuma ya banda. Kisha akatandika nyingine kavu. Gari lilikuwa linavuja. Na kwetu, afadhali ukutwe huna shati kuliko ukutwe na doa mbele ya nyumba.

Mkewe, Gesine, anafuga nyuki. Aliziokota kadibodi zile, akaziandika tarehe, akaziweka bandani. Alitaka kuzichoma kwenye kopo la moshi, lile la kutulizia nyuki wakati wa kufungua mizinga. Siku moja akainusa moja. Ilikuwa na doa la waridi, na ilinukia utamu usio wa kawaida.

"Hii siwachomei nyuki wangu," akasema.

Agosti ikaingia. Katika nyika ya Lüneburg, hapa Ujerumani, kilomita arobaini kutoka kwetu, vichaka vilikuwa karibu kuchanua maua ya zambarau. Kila mwaka Gesine hupeleka huko mizinga kumi na miwili kwa trela. Maua hudumu wiki chache tu. Ukiyakosa, umeikosa asali yake mpaka mwakani.

"Henning, gari linaumwa," Gesine alisema wakinywa kahawa. "Kila wiki unaliongezea maji ya bomba. Na asubuhi ukiliwasha linapiga kelele, kra-kra-kra, kama kijiko ndani ya kopo."

"Hizo ni silinda sita, mke wangu. Unataka zinong'one?"

"Ndiyo maana unafungulia redio?"

Henning akakoroga kahawa yake, ingawa hatii sukari.

"Nisikilize," Gesine akasema. "Nyuki wanasafiri milango imezibwa. Gari likizima njiani juani, watapikwa humo humo mizingani. Siwafungi mpaka gari lipone."

"Basi tuahirishe kidogo."

"Na maua utayaambia nini? Yakusubiri?"

Akakumbatia kadibodi zote saba, akatoka nazo barabarani. Henning akamkimbilia.

"Gesine! Mchana kweupe? Watu wanaona!"

"Waone!"

Mimi niliona. Nilijifanya namwagilia maua.

Alikwenda kwa Bi Wiebke Dierks, Henning akimfuata na gari. Mama huyu aliunganisha injini kiwandani miaka thelathini. Sasa ana gereji ambako mwenye gari hutengeneza mwenyewe: Bi Wiebke humwazima vifaa na kumwelekeza. Alizipanga kadibodi sakafuni kwa tarehe. Doa la kwanza lilikuwa dogo kama kifungo. La saba lilikuwa kubwa kama sahani.

"Aliyezitunza hizi ana akili," Bi Wiebke akasema. "Doa jeusi lingekuwa oili. Hili la waridi ni maji ya kupozea injini, yenye dawa yake. Ni matamu, lakini ni sumu. Mtoto au paka asiyalambe. Nani alikuwa anazificha?"

Henning akatazama dari.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua, bwana. Hebu nipe chupa sita za asali."

Gesine alikuwa nazo garini. Bi Wiebke akazipanga mstari mmoja juu ya kijimeza. Chupa ya sita ikakosa nafasi.

"Hizi ni silinda zako. Zikikaa mstari mmoja, injini inakuwa ndefu, haiingii katika gari dogo. Sasa tazameni." Akazisogeza: moja mbele, moja nyuma, moja mbele, moja nyuma. Zote zikaenea. Akazifunika kwa sinia moja. "Safu mbili zimebanana, na kifuniko ni kimoja, silinda hedi. Kwa hiyo injini ni fupi na ina nguvu. Ndiyo maana inavuta trela lenu."

"Si niliwaambia!" Henning akasema.

"Ngoja, sijamaliza. Nyumba iliyobanana ina joto. Ubavuni mwa injini lipo bomba la plastiki linalopitisha maji. Likichemka miaka mingi, plastiki hukauka na kupasuka."

Akafunga pampu ya mkono kwenye tangi la maji, akasukuma hewa. Ubavuni mwa injini maji yakaruka, membamba kama uzi. Henning akainama akayatazama muda mrefu.

"Na mimi nalimwagia maji ya bomba tu," akasema polepole.

"Maji ya bomba yanazimua dawa, yanaleta kutu na ukoko. Tumia dawa inayotajwa katika kitabu cha gari, wala usichanganye aina mbili. Na usifungue kifuniko injini ikiwa ya moto, itakuunguza. Mshale wa joto ukipanda, simama, zima. Haya, mkeo amenidokeza: niambie habari za ile redio."

Kesho yake asubuhi Bi Wiebke aliliwasha gari likiwa baridi. Kra-kra-kra.

"Hiyo ni cheni inayoendesha vali, vile vilango vya hewa ndani ya injini," akasema. "Hupita juu ya reli za plastiki, na reli zako zimelika. Zikivunjika, cheni huruka, pistoni hugonga vali, na injini imekufa. Tatizo ni kwamba cheni iko upande wa giaboksi. Lazima tushushe giaboksi yote. Tukishaishusha, tubadilishe na klachi, tusirudi tena kesho kutwa."

Siku nne Henning alilala chini ya gari lake. Bi Wiebke alikaa kwenye kiti akielekeza. Walibadilisha cheni, reli zake, klachi na lile bomba. La sasa ni la chuma chepesi.

Siku ya tano, alfajiri, Gesine aliziba milango ya mizinga. Walipokaribia nyika, trekta lilizuia njia karibu nusu saa. Jua lilikuwa limeshapanda. Kila wakisogea kidogo, Henning aliukodolea macho mshale wa joto. Ulikaa katikati. Redio ilikuwa imezimwa, na nyuma yao walisikia nyuki wakivuma.

Walipofungua milango, nyuki wa mizinga yote kumi na miwili waliruka moja kwa moja kwenye maua. Gesine alilia kidogo, na hakujificha.

Jumamosi iliyofuata Henning aliinama, akavuta kadibodi. Ilikuwa kavu, bila hata tone. Hakuipeleka nyuma ya banda. Aliiegemeza kwenye lango, upande wa barabara, akaanza kufagia taratibu, akimsalimu kila mpita njia kwa sauti.

"Henning!" Gesine akaita, kopo la moshi mkononi. "Watu wote wameshaiona. Lete hiyo kadibodi, nyuki wananingoja nyikani."