Ua wa Nyumba ya Pili

Mnaning'ang'ania na jambo hili kama nzi na kidonda. Haya, naliandika mara moja, kisha mniache nipumzike.

Mume wa binti yangu wa mwisho alikuwa akinunua nyumba kuukuu, anazipaka rangi, anazipangisha. Mtaani walimwita Chapuchapu, na jina lilimkaa kama kofia. Nyumba ya pili aliinunua kwa mzee mmoja mtunza bustani. Nyuma yake palikuwa na ua wa miti iliyopita paa, mibichi hata kiangazi.

Siku ya kukabidhiana funguo nilikuwepo, na mjukuu wangu, mwanawe wa miaka sita.

"Mwanangu," mzee akasema, "ua huu unakatwa kwa mkasi kila Jumamosi. Kata, usiue. Mzizi usiuguse."

"Mzee, wapangaji wanataka pa kuegesha gari, si msitu."

Mzee hakucheka. Alimtazama sana mtoto, kisha akaondoka bila kuaga.

Jumamosi ilipofika, Chapuchapu hakuwa na muda wa mkasi. Akaiangusha miti yote kwa msumeno, visiki akavipaka sumu ya magugu.

"Mkwe, ulikatazwa."

"Mama, miti haina masikio."

Ndiyo majibu ya waliosoma.

Siku ya tatu visiki vikaanza kukauka, kutoka pembeni kwenda katikati. Siku hiyohiyo binti yangu akaniita bafuni, anamwogesha mtoto. "Mama," akanong'ona, "tazama kucha."

Zilikuwa za kahawia. Kutoka pembeni kwenda katikati.

Hospitali walipima damu, wakapima mkojo, hawakuona kitu. Mtoto hakulia. Aligeuza uso dirishani tu, penye jua. Nywele zikabaki kwenye mto.

Chapuchapu akamfuata mzee. Alimkuta barazani kwa dada yake, kanyoosha miguu kama aliyetoka kifungoni.

"Niokolee mwanangu."

"Kavimwagilie visiki," mzee akanong'ona. "Jani likichipuka, atainuka. Ila usitoke pale tena. Mimi nilikaa miaka arobaini. Ulidhani umenunua matofali? Umenunua zamu."

Akahamia pale, akamwagilia siku nne. Jani moja likachipuka kwenye kisiki. Mtoto, huku nyumbani kwetu, akaomba uji. Tukapiga vigelegele, wajinga sisi. Chapuchapu akatoka langoni aje amkumbatie.

Hakufika kona. Kijiko kilimdondoka mtoto. Macho yakageuka. Tukampigia simu baba yake, akarudi mbio kwenye ua.

Mtoto akameza.

Ikapita miaka sita. Mpangaji hakupatikana. Binti yangu alichoka kuwa mjane wa mtu aliye hai, akaolewa mbali, safari ya siku nzima kwa basi, akaenda na mtoto. Mimi nikabaki kupeleka chakula langoni. Mwezi uliopita mkwe alikuwa anakohoa damu.

"Nenda hospitali, baba."

"Nikitoka, Mama?"

Nikamsogezea bakuli la chakula. 

Alhamisi asubuhi nilimkuta kalala chali kando ya ua, kafa, mkasi mkononi. Ua ulikuwa umekatwa sawasawa, mbichi. Simu ikalia. Binti yangu.

"Mama, mtoto hayupo kitandani. Milango yote imefungwa kwa ndani."

Nikatazama chini. Kwenye udongo uliomwagiliwa palikuwa na nyayo za mtoto, pekupeku. Zimeingia kwenye ua. Hazikutoka.

Chapuchapu alilipa miaka sita, akalipa ndoa, akalipa uhai wake. Havikutosha.