Mikono kwenye Mwaridi wa Bibi

Asubuhi aliyofariki Bibi, mimi nilikuwa natafuta soksi za shule. Kaka yangu Kijiti alikuwa anakunywa chai huku amesimama, na Baba alikuwa anapiga pasi suruali ya mteja, kwani yeye ni fundi cherehani na chumba cha mbele ndicho karakana yake. Mama alikwenda kumwamsha Bibi. Akarudi, akasimama mlangoni. Baba aliisahau pasi juu ya suruali mpaka harufu ya kuungua ikaenea.

Wageni wa msiba walipoondoka na viti vya kuazima viliporudishwa, nilishindwa kutulia. Nilikaa, nikainuka, nikafungua kitabu, nikakifunga, nikaenda uani, nikarudi. Bibi ndiye aliyenibandika jina la Kisulisuli, na sasa nilikuwa kisulisuli kweli. Kumtaja hatukumtaja. Nikisema "Bibi", Mama aliingia jikoni akakata vitunguu ambavyo hakuna aliyevihitaji, na Baba alikanyaga cherehani kana kwamba ina makosa. Basi tukanyamaza.

Palibaki mwaridi wake, kwenye pipa lililokatwa nusu, kando ya ngazi za uani. Maua yake yalikuwa mekundu ya kukolea. Bibi hakuruhusu mtu kuugusa. "Huu umezoea mkono mmoja," alikuwa akisema. Kwa hiyo hakuna kati yetu aliyejua aliutunza vipi. Nilichojua ni kwamba mwaridi ukifa, tutakuwa tumempoteza Bibi mara ya pili. Kila nikitoka shule, hata kabla ya kuvua sare, niliumwagia kopo zima la maji.

Majani yakaanza kuwa ya njano. Nikaongeza maji. Yakapukutika. Vichwa vya maua vikainama na kuwa vyeusi kabla ya kufunguka. Nikawa naamka na kukimbilia uani bila hata kunawa uso.

"Ni wewe," nilimwambia Kijiti. "Unamwaga maji ya sabuni humu."

"Mimi? Mimi hata kuoga mnanilazimisha. Sabuni niitoe wapi?"

"Jana nimekuona umeinama hapa."

Alitazama pembeni. "Nilikuwa nafunga kamba za viatu."

"Ulikuwa umevaa kandambili."

Akaingia ndani. Nikatoka mbio mpaka kwa Mama Miche, jirani anayeuza miche ya maua kando ya barabara.

"Shikamoo, Mama Miche."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema, umefukuzwa na mbwa?"

"Mwaridi wa Bibi unakufa. Naunywesha lakini hauridhiki."

Alichukua mkasi wake wa kupogolea, akanifuata. Nyumbani wote walitoka uani kumpokea. Mama Miche hakuhangaika na majani. Alichomeka kidole kwenye udongo, akakinusa, kisha akaniambia nami ninuse. Udongo ulinuka kama mtaro.

"Huu hauna kiu," alisema. "Unazama. Nani anaumwagilia?"

"Mimi, nikitoka shule."

Baba, aliyekuwa na utepe wa kupimia shingoni, akakohoa. "Na mimi. Asubuhi, kabla hamjaamka."

Mama akamgeukia. "Baba Kijiti, hata wewe? Mimi naupa maji kila nikianua nguo."

Sote tukamtazama Kijiti.

"Nilikuwa nafunga viatu," alisema, kisha akaanza kulia.

"Maskini mwaridi," alisema Mama Miche. "Umenyweshwa kama mgeni aliyepita nyumba nne, na kila nyumba imemlazimisha chai."

Mama akacheka. Kicheko kikageuka kilio, lakini safari hii hakukimbilia jikoni. Baba alimshika bega, akasema, "Mama yangu angetuchapa wote." Hapo ndipo tulipoanza kumtaja.

Baba na Mama Miche walililaza pipa. Mizizi ilikuwa ya kahawia, laini kama uji. "Huu mkubwa hauponi tena," alisema Mama Miche. "Ila matawi haya bado ni mabichi ndani." Akakata vipande vyenye afya, akavichomeka kwenye makopo yaliyotobolewa chini, yenye mchanga na mboji. Mimi tayari nilikuwa nimenyoosha mkono nione kama vimeota mizizi.

"Kisulisuli," alisema bila kuinua kichwa, "ukikichomoa kukitazama, umekiua. Ngoja."

Kungoja kulinichosha kuliko kuchota maji. Jioni ile Baba alituketisha kwenye ngazi.

"Wanangu, hatukukosea kwa sababu tulipenda," alisema. "Tulikosea kwa kufichana. Kila mtu alibeba huzuni yake kimyakimya, akaja kuimwaga palepale alipomwaga mwenzake. Hata jambo jema likizidi kipimo huharibu. Mtu akiwa na huzuni, aiseme. Na kazi ikiwa ya wote, uliza kwanza mwenzako amefanya nini."

Vipande vingi vilioza. Kimoja kilishika, kikatoa majani madogo mekundu ambayo baadaye yakawa ya kijani. Tumekihamishia kwenye pipa lenye matundu mapya chini. Bado hakijatoa ua. Wiki hii zamu ya kukimwagilia ni ya Kijiti.