Gego Lililolala

Nyamizi alikuwa akipakua uji nyumbani kwake Runzewe. Shemeji yake, Mihayo, akakisukuma kikombe kando. Shavu lake lilikuwa limevimba.

“Gego la mwisho hili. Nitabandika ugoro,” alisema bila kufungua mdomo vizuri. “Duara letu, lile shimo kule mgodini, linakaribia kutema dhahabu, shemeji. Nikiondoka sasa, mgao wangu watakula wengine.”

Nyamizi aliweka upawa chini. Mumewe, marehemu Donatus, alisema hivyo hivyo. Alibandika ugoro akingoja duara liteme. Uvimbe ukashuka shingoni. Akashindwa kumeza mate, kisha kupumua. Na aliyemsagia ugoro huo ni Nyamizi mwenyewe.

“Kaka yako alingoja. Wewe hungoji. Vaa viatu.”

“Unaniswaga kama ng’ombe wa mnadani!”

“Ng’ombe angekuwa ameshainuka.”

Hospitalini, daktari wa meno, Mwahija, aliwaonyesha picha ya eksirei.

“Gego limelala ubavu, limegota kwenye jino la jirani. Chakula kinanasa chini ya fizi, panatunga usaha. Leo tutasafisha na kukupa dawa. Uvimbe ukitulia, tutakupasua.”

“Si mling’oe tu?” Mihayo aliuliza.

“Halina njia ya kutokea. Nitakupiga sindano ya ganzi, nichane fizi, nipunguze mfupa kidogo. Nitalikata jino vipande, nivitoe, nishone.”

“Yaani mnachimba kabisa!”

“Tunachimba, ila hatubahatishi. Mizizi ingekuwa imegusana na mshipa wa fahamu, huenda ningekata kichwa cha jino tu na kuiacha mizizi, mdomo usije ukabaki na ganzi. Na jino lililosimama wima likiwa na nafasi, pengine hukatwa fizi iliyolifunika tu. Picha ndiyo inayotuonyesha.”

Nyamizi aliuliza polepole, “Na aliyevimba mpaka shingoni, daktari?”

“Huyo hangojwi hata kidogo, mama. Hukimbizwa hospitali. Wakiwahi, wengi hupona.”



Uvimbe ulipotulia, Mihayo alipasuliwa. Kidonda kilipopona, alikaa uani akitafuna michembe ya viazi vitamu, akicheka na watoto mdomo wazi.

Nyamizi alimtazama, akafurahi. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, akalia. Siku zote alimlilia mume aliyechukuliwa na Mungu. Siku hiyo alimlilia mume ambaye angeweza kupona.